Nyoka wa Mahindi Anapotaga Bila Kutarajiwa: Utunzaji wa Mnyama na Usalama wa Wanakaya

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

1. kueleza kwa nini nyoka jike anayeishi peke yake anaweza kutaga mayai;
2. kutaja hatua za kumtunza nyoka aliyetaga, na dalili zinazodai daktari wa wanyama aitwe upesi;
3. kueleza namna bakteria wa salmonela wanavyotoka kwa nyoka na kumfikia mtoto ambaye hajamgusa nyoka huyo;
4. kuuliza, au kueleza, habari za wanyama wa nyumbani mbele ya mgonjwa au mhudumu pasipo aibu wala dharau.

Kisa cha mfano

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya mafunzo, na majina yaliyomo si ya watu halisi.

Bi Rehema, mzaliwa wa Tanga, anaishi na wanawe wawili katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Idrisa, kifunguamimba wake mwenye umri wa miaka 16, alipewa nyoka na mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akihama. Aliambiwa kuwa nyoka huyo ni dume, naye akamwita Sultani. Mama alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba nyoka asitoke chumbani mwa kijana. Kitindamimba, Neema, ana umri wa miaka 4 na anaishi na selimundu.

Kwa majuma matatu Sultani alikataa kula. Kisha akajivua gamba, na siku kumi baadaye akaanza kuzunguka kizimba usiku kucha, akifukua matandiko pembeni. Asubuhi ya Jumamosi Idrisa alikuta mayai tisa meupe yameshikamana nyuma ya bakuli la maji.

"Mama, Sultani ametaga!"

"Sultani gani anayetaga, mwanangu?" akauliza Bi Rehema. Alipoyaona mayai kwa macho yake, akaamuru yatupwe pamoja na mwenyewe kabla jua halijazama. Idrisa akaomba apewe siku chache.

Katika siku mbili zilizofuata kijana alimshika nyoka mara nyingi kuliko alivyopata kumshika tangu aletwe. Alimlowesha katika beseni analoogea Neema. Aliosha bakuli la nyoka katika sinki la jikoni. Aliyatia mayai katika chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, akakiweka juu ya jokofu ambako palikuwa na joto. Alipoona vivimbe viwili vimebaki tumboni mwa Sultani, alijaribu kuvisukuma nje kwa kidole gumba.

Siku ya nne Neema alipata homa ya nyuzi 39, akaanza kuharisha na kulia kwamba mguu unamuuma. Hospitalini familia iliulizwa kuhusu chakula, maji na safari. Hakuna aliyeuliza habari za wanyama, na Bi Rehema hakuzitaja, kwa kuwa alichelea kuonekana mama asiyejali. Idrisa naye alinyamaza akihofia kwamba Sultani angeuawa. Damu iliyopelekwa maabara ilionyesha bakteria wa salmonela. Ndipo muuguzi, kwa msaada wa mkalimani, alipouliza kwa upole: "Mama Idrisa, je, nyumbani mnafuga mnyama yeyote? Kobe, mjusi, au nyoka?"

Mengi aliyoyafanya Idrisa yalitokana na huruma, lakini huruma hiyo ilikosa maarifa. Kipindi cha kutaga ndicho kipindi ambacho nyoka hushikwa, huogeshwa na kusafishiwa kizimba zaidi ya kawaida. Kwa hiyo ndicho kipindi cha hatari kwake na kwa watu wanaoishi naye pia. Kujua namna ya kumtunza kwa utulivu na usafi huwakinga wote wawili.

Kumfahamu nyoka wa mahindi

Nyoka wa mahindi, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa *Pantherophis guttatus*, asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu. Huua mawindo kwa kuyaviringa na kuyabana, na chakula chake kikuu ni panya. Wengine husema aliitwa jina hilo kwa sababu mabaka ya tumboni mwake yanafanana na punje za mahindi ya rangi rangi. Wengine husema ni kwa sababu alionekana mara kwa mara katika maghala ya nafaka akiwinda panya. Kwa upole wake na urahisi wa kumlisha, amekuwa miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana majumbani huko Marekani na Ulaya. Akitunzwa vema anaweza kuishi miaka 15 hadi 20, na pengine zaidi.

Jinsia yake haitambuliki kwa kumtazama tu. Mkia wa dume kwa kawaida ni mrefu na mnene zaidi mwanzoni, lakini kipimo hicho huwapotosha wengi. Daktari wa wanyama au mfugaji mzoefu hutumia kifaa maalumu chembamba kupima nafasi iliyo chini ya mkia. Ndiyo maana si ajabu kwa "dume" wa miaka mitatu kukutwa na mayai.

Kwa nini jike hutaga pasipo dume

Sababu ni tatu. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida, ni kwamba jike aliyekomaa na kushiba vema anaweza kutaga mayai yasiyorutubishwa, kama afanyavyo kuku wa mayai asiyekuwa na jogoo. Ya pili ni kwamba nyoka jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi mingi. Mnyama aliyekutana na dume kwa mfugaji wa awali anaweza kutaga mayai yenye uhai katika nyumba mpya. Ya tatu ni nadra: katika spishi kadhaa za nyoka imethibitishwa kwamba jike aweza kuzaa bila mbegu ya dume kabisa.

Kwa hiyo mayai yasiyotarajiwa si ushahidi wa uzembe, wala si kioja cha kutisha. Ni tukio la kimaumbile linalohitaji kushughulikiwa kwa mpango.

Dalili hutangulia. Jike huacha kula, na theluthi ya mwisho ya mwili wake huvimba taratibu. Hujivua gamba, na kwa kawaida hutaga kati ya siku 7 na 14 baada ya hapo. Siku za mwisho huhangaika akitafuta mahali penye giza na unyevu. Kwa kawaida hutaga mayai kati ya 10 na 30, yenye ganda laini kama ngozi, ambayo hushikamana yanapokauka.

Siku mbili za kwanza

Nyoka aliyetaga amepoteza maji mengi na sehemu kubwa ya akiba ya mwili wake. Anahitaji mambo manne.

*Utulivu.* Asishikwe ila kwa sababu ya lazima. Kizimba kifunikwe upande mmoja, na wageni wasiitwe kuja kumtazama.

*Maji.* Bakuli la maji safi liwepo daima, lenye upana wa kumwezesha kujilaza ndani. Akionekana amekauka, yaani ngozi yake ina mikunjo isiyotanuka, aweza kuwekwa katika maji ya uvuguvugu yasiyofika juu ya mgongo wake kwa dakika 10 hadi 15, huku akiangaliwa muda wote. Chombo kinachotumika kiwe cha nyoka pekee.

*Joto.* Nyoka hutegemea joto la mazingira. Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi, na upande wa pili uwe baridi zaidi, karibu nyuzi 24, ili achague mwenyewe. Kipasha joto kiwe na kidhibiti, na kipimajoto kitumike badala ya kukisia kwa mkono.

*Mahali pa kutagia.* Kama bado ana mayai tumboni, awekewe sanduku dogo lenye mfuniko na tundu la kupitia, likiwa na majani ya kuvumwani yaliyoloweshwa na kukamuliwa. Jike asiyeona mahali panapomfaa huweza kuyazuia mayai, na kuchelewa huko ndiko huzaa matatizo.

Baada ya kuhakikisha kwamba amemaliza kutaga, matandiko yote yaondolewe na kizimba kisafishwe. Harufu ya mayai ikibaki, baadhi ya majike huendelea kujiviringa mahali pale na kukataa chakula. Nyoka wa mahindi haatamii mayai yake kama wafanyavyo chatu. Kwa asili huyaacha na kwenda zake. Kwa hiyo kumtenga na mayai si kumtesa.

Mayai yanapokwama

Hali ya mayai kukwama katika mrija wa uzazi ndiyo hatari kubwa zaidi kwa uhai wa jike. Hutokea kwa sababu ya kukosa mahali pa kutagia, joto dogo, upungufu wa maji au wa madini ya kalisiamu, unene uliopita kiasi, misuli dhaifu, maambukizi, au yai lenye umbo lisilo la kawaida.

Daktari wa wanyama aitwe upesi iwapo:

- jike ametaga baadhi ya mayai, kisha saa 24 hadi 48 zimepita na vivimbe vingali vinaonekana tumboni;
- anajikamua mara kwa mara bila kutoa kitu;
- nyama nyekundu imechomoza katika kloaka, yaani tundu linalotumika kwa haja na kwa uzazi;
- damu au majimaji yenye harufu mbaya yanatoka;
- amelegea, hainui kichwa, au anapumua kwa mdomo wazi.

Yai lililokwama lisikamuliwe kwa vidole hata kidogo. Yai hilo laweza kuwa limegandamana na ukuta wa mrija, na msukumo wa kidole waweza kuupasua mrija au kuutoa nje. Wahudumu wa uzazi watalielewa jambo hili bila kuelezwa sana: wanajua madhara ya kusukuma tumbo kwa nguvu wakati njia haiko tayari. Daktari wa wanyama ana vifaa vya kupiga picha ya eksirei au ultrasaundi. Anaweza kumrudishia mnyama maji, kumpa kalisiamu au homoni ya oksitosini pale inapofaa, kufyonza ute wa yai kwa sindano ili lipungue ukubwa, au kufanya upasuaji.

Hatima ya mayai

Uamuzi kuhusu mayai ufanywe siku ile ile, kwa sababu kama yana uhai, viinitete vinaendelea kukua kila saa.

Mayai yasiyorutubishwa mara nyingi huwa madogo, ya manjano na magumu kama nta. Yenye uhai huwa meupe na yaliyojaa. Yakimulikwa kwa tochi ndogo katika chumba chenye giza baada ya siku kadhaa, mishipa myembamba myekundu huonekana ndani yake. Yai lisilo na uhai huonyesha manjano matupu.

Familia inayotaka kuyatotoa inapaswa kwanza kupiga hesabu. Kila kinda huhitaji chombo chake, chakula chake, na mlezi atakayeishi naye kwa miaka zaidi ya 15. Kama mpango huo haupo, ni heri mayai yasitotolewe. Njia inayotumiwa na wafugaji wengi ni kuyagandisha mapema kabisa, yakiwa katika mifuko miwili iliyofungwa, katika friza isiyohifadhi chakula cha watu. Daktari wa wanyama anaweza kuombwa aifanye kazi hiyo kliniki kwake. Mayai yasitupwe bustanini, wala makinda yasiachiwe porini. Nyoka wa mahindi waliotoroka au kuachiwa wamejijengea makazi katika baadhi ya visiwa vya Karibi, na nchini Australia ufugaji wao umepigwa marufuku kwa kuhofia madhara kwa wanyama wa asili.

Anayeamua kuyatotoa ayaweke katika chombo maalumu chenye vemikulaiti yenye unyevu, katika joto la nyuzi 27 hadi 29. Yasigeuzwe, tofauti na mayai ya kuku, kwa sababu kiinitete hujishikiza juu na kugeuzwa kwaweza kukiua. Alama ya penseli huwekwa upande wa juu. Mayai yaliyoshikamana yasibanduliwe. Makinda hutoka baada ya siku 60 hivi.

Kumrudishia mama nguvu

Katika jamii nyingi za Kiswahili mzazi hupewa uji wa pilipili manga, na Wachaga humpikia mtori, kwa kuwa wote wanajua kwamba mwili uliozaa umepungukiwa. Kwa nyoka, panya mzima hufanya kazi ya mtori: nyama yake hutoa protini na mifupa yake hutoa kalisiamu. Mtu asiongeze dawa za madini kwa kukisia bila ushauri wa daktari.

Mlo wa kwanza utolewe siku chache baada ya kutaga, nao uwe mdogo kuliko kawaida, kwa sababu utumbo umekaa majuma kadhaa bila kazi. Akiuhifadhi tumboni bila kutapika, apewe milo midogo kila baada ya siku 5 hadi 7, kisha ukubwa uongezwe polepole hadi kiwango cha kawaida, yaani panya asiyezidi unene wa sehemu nene ya mwili wa nyoka. Baada ya kula asishikwe kwa muda wa saa 48. Apimwe uzito kila juma na uandikwe. Asiyekula kwa zaidi ya majuma mawili au matatu baada ya kutaga, au anayeendelea kukonda huku akila, apelekwe kwa daktari. Ni vema pia kujua kwamba jike anaweza kutaga kundi la pili msimu uo huo.

Salmonela: hatari isiyoonekana

Nyoka, mijusi na kobe wengi hubeba bakteria wa salmonela katika utumbo wao bila kuugua. Bakteria hutoka pamoja na kinyesi na kusambaa katika ngozi ya mnyama, maji yake, matandiko, na juu ya maganda ya mayai, ambayo hupita katika kloaka hiyo hiyo. Nyoka anayeonekana safi na mwenye afya anaweza kuwa nao. Kipimo kisichowaonyesha leo hakithibitishi kwamba hawapo, kwa sababu hutoka kwa vipindi. Kumpa nyoka viuavijasumu ili "kumsafisha" hakufai: hakuondoi tatizo na hukuza usugu wa bakteria.

Panya wa kulishia nao wanaweza kuleta salmonela, na kuwagandisha hakuwaui bakteria hao. Mlipuko wa salmonela uliochunguzwa nchini Marekani mwaka 2010 ulihusishwa na panya waliogandishwa. Nchini Uingereza pia, mamia ya wagonjwa tangu mwaka 2015 wamehusishwa na panya wa aina hiyo. Jambo hili si geni: tangu mwaka 1975 Marekani imepiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofikia sentimita 10, baada ya watoto wengi kuugua.

Kwa mtu mzima mwenye afya, ugonjwa huanza saa 6 hadi siku 6 baada ya kuambukizwa, kwa homa, kuharisha na maumivu ya tumbo, na wengi hupona ndani ya siku 4 hadi 7 kwa kunywa maji ya kutosha au ORS. Viuavijasumu kwa kawaida havihitajiki kwao.

Hali ni tofauti kwa watoto wachanga, wazee, wajawazito, watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, na watu wenye selimundu. Kwao bakteria wanaweza kuvuka utumbo na kuingia katika damu, ubongo au mifupa. Mtoto mwenye selimundu hupoteza kazi ya bandama mapema, na bandama ndiyo chujio la bakteria katika damu. Zaidi ya hayo, sehemu za mifupa zilizokosa damu wakati wa maumivu makali huwa maficho ya salmonela. Maumivu ya mguu wa Neema yangeweza kudhaniwa kuwa ni maumivu yake ya kawaida ya selimundu, kumbe ni maambukizi ya mfupa yanayoanza.

Ni kwa sababu hiyo mamlaka ya kudhibiti magonjwa nchini Marekani hushauri kwamba nyumba yenye mtoto aliye chini ya miaka 5, mtu mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, au mtu mwenye kinga dhaifu isifuge mnyama wa jamii ya nyoka, mijusi na kobe. Kumzuia mtoto asimguse nyoka hakutoshi. Neema hakuwahi kumgusa Sultani. Bakteria walikuwa na njia tatu za kumfikia, yaani beseni, sinki na chombo cha chakula.

Kanuni za usafi

1. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 baada ya kumshika nyoka, mayai, panya wa kulishia au kitu chochote cha kizimbani. Glavu ni nyongeza, si badala ya kunawa.
2. Nyoka, mayai na vyombo vyake visifike jikoni wala mahali pa kulia chakula.
3. Beseni, ndoo, brashi na vitambaa vya nyoka viwe vyake pekee, na viwekwe alama.
4. Maji machafu yamwagwe chooni, si katika sinki la jikoni wala bafu la mtoto.
5. Vyombo vioshwe kwanza kwa sabuni hadi uchafu utoke, ndipo vitiwe dawa ya klorini iliyochanganywa kama kibandiko kinavyoelekeza, kisha visuuzwe na kukaushwa.
6. Panya wa kulishia wayeyushwe barafu katika chombo chao, nje ya jikoni, na kamwe si katika tanuri la mikrowevu la familia.
7. Anayemhudumia nyoka asimshike mtoto kabla ya kunawa, na ikiwezekana abadili nguo.

Kwa mhudumu wa afya

Kila mgonjwa anayeharisha kwa homa, na kila mtoto mwenye homa isiyojulikana chanzo, aulizwe kuhusu wanyama. Swali moja pana halitoshi. Wengi wakiulizwa "mnafuga wanyama?" hufikiria mbwa, paka, kuku au mbuzi. Wanyama watajwe kwa majina: kobe, mjusi, nyoka, vifaranga. Aulizwe pia kama kuna mnyama katika nyumba ya jirani, shuleni, au kwa ndugu anakolelewa mtoto.

Sauti ya swali ina uzito kuliko maneno yake. Katika familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki nyoka ni adui, na kukiri kwamba yupo ndani ya nyumba ni jambo la aibu. Mshangao au kicheko cha mhudumu hufunga mlango wa habari. Penye vijana, ni vema kijana aulizwe peke yake na ahakikishiwe kwamba lengo si kumwadhibu wala kumuua mnyama wake.

Mtoto mwenye selimundu aliye na homa ya nyuzi 38.5 au zaidi achukuliwe kuwa ni mgonjwa wa dharura. Damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha bakteria, na viuavijasumu vianze mara moja kwa mujibu wa mwongozo wa hospitali bila kusubiri majibu. Kinyesi kioteshwe pia. Maumivu ya mfupa yanayoambatana na homa, hasa yakiwa mahali pamoja na yasipotulia kwa dawa za kawaida, yachunguzwe kama maambukizi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu; wahudumu wa nchini na wale walio ughaibuni watakutana na hali hii hata pasipokuwa na nyoka, kwa kuwa salmonela huletwa pia na mayai ya kuku, nyama na maji.

Tahadhari kwa wasomaji wa Afrika Mashariki

Maelezo ya utunzaji yaliyotolewa hapa yanamhusu nyoka wa mahindi anayefugwa, ambaye si wa asili ya Afrika. Mayai ya nyoka yanayokutwa shambani, katika paa la makuti au kando ya nyumba yasiguswe wala yasikusanywe. Koboko na swila hutaga mayai, na makinda yao huwa na sumu tangu wanapotoka. Kukosekana kwa mayai nako si dalili ya usalama, kwa kuwa kifutu huzaa watoto walio hai. Watu wasogee mbali, watoto wazuiwe, na wataalamu wa wanyamapori wa eneo waarifiwe.

Mwisho wa kisa

Baada ya swali la muuguzi, Bi Rehema alimtazama mwanawe, na Idrisa ndiye aliyejibu. Alieleza yote: mayai, beseni, sinki, hata kidole gumba. Muuguzi aliandika, kisha akasema, "Umetusaidia sana, kijana. Sasa tunajua tunatafuta nini." Madaktari walipiga picha ya mguu wa Neema, wakayakuta maambukizi yangali machanga. Matibabu yalichukua majuma kadhaa, na mtoto alitembea akitoka hospitalini.

Sultani alipelekwa kwa daktari wa wanyama, ambaye aliyatoa mayai mawili yaliyokwama na kuyaharibu yote tisa yaliyotagwa. Kwa kuwa nyumba ina mtoto mdogo mwenye selimundu, familia ilikubali kwamba nyoka asirudi. Mwalimu wa biolojia wa Idrisa, ambaye hana mtoto nyumbani, alimchukua. Kijana humtembelea kila Jumamosi, huandika uzito wake katika daftari, hunawa mikono kwa sabuni na kubadili shati kabla ya kurudi kwa mdogo wake.

Maswali ya kujipima

1. Taja sababu tatu zinazoweza kumfanya nyoka jike anayeishi peke yake atage mayai.
2. Ni makosa gani ya Idrisa yaliyomhatarisha Sultani, na ni yapi yaliyomhatarisha Neema?
3. Kwa nini maumivu ya mfupa na homa kwa mtoto mwenye selimundu yasichukuliwe kuwa ni maumivu ya kawaida tu?
4. Tunga swali ambalo mhudumu wa afya anaweza kumuuliza mzazi kuhusu wanyama wa nyumbani, kwa namna itakayompa mzazi huyo ujasiri wa kusema kweli.